Senti kumi na mbili

Jumamosi iliyopita nilinunua unga, maharage, sabuni ya kufulia na sufuria, kisha nikasimama mlangoni mwa duka naisoma risiti. Wenzangu hapa Minneapolis, Marekani, wameshaizoea tabia yangu hii. Unga na maharage havikutozwa kitu, maana jimbo la Minnesota halitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vya kwenda kupika nyumbani, wala kwenye nguo. Sabuni na sufuria vilitozwa. Ndani ya kodi hiyo kuna kipande kidogo, asilimia 0.375, ambacho wananchi wa jimbo hili walijitwisha wenyewe kwa kura ya Novemba 2008. Huo ndio mwaka ambao benki zilikuwa zinaanguka na watu wanapoteza nyumba zao, na bado wakakubali.

Ukinunua vitu vya dola 100, kipande hicho ni senti 37 na nusu. Takriban senti 12 kati ya hizo zinaingia kwenye mfuko ambao katiba ya jimbo inasema utumike kurejesha, kulinda na kuboresha ardhioevu, nyika za majani, misitu na makazi ya samaki na wanyamapori, basi. Zinazobaki zinakwenda kwenye maji, bustani za umma na njia za matembezi, sanaa na utamaduni. Katiba inakataza pia bunge kuzitumia hizo kuziba pengo la bajeti ya kawaida.

Mimi ni mtoto wa Minjingu, pale wanapochimba fosfeti ya mbolea, kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na Ziwa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Kila nikiisoma risiti hii nawaza nyumbani, na sitanyamaza.

Kwetu fedha ya kutunza wanyama inalipwa langoni mwa hifadhi. Mgeni anatoka Ulaya, analipa kiingilio, analala kambini, anaondoka. Mgawo wa vijiji vyenye jumuiya za hifadhi, yaani vilivyotenga ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori, kama vile vya Burunge, nao unatoka kwa mgeni huyo huyo. Mwaka 2020 ndege ziliposimama tuliona wenyewe kilichotokea: magari ya utalii yaliegeshwa Arusha miezi na miezi yakiota vumbi, na kijiji kilichokuwa kikisubiri mgawo wake kikakaa mikono mitupu. Tembo hawakupunguza kula kwa sababu ya korona.

Halafu kuna jambo ambalo lango haliwezi kulitatua hata wageni wafurike. Hifadhi ya Tarangire ina kilomita za mraba kama 2,850, lakini nyumbu na pundamilia hawakai humo mwaka mzima. Mvua zikianza wanatoka. Wengi wanaelekea mashariki, nyanda za Simanjiro, kwa sababu majani ya kule yana madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji. Kule ndiko wanakozalia. Kiangazi kikishika wanarudi mtoni Tarangire kutafuta maji. Wengine wanapita kwetu, kwenye njia ya wanyama ya Kwakuchinja, wanakatiza lami ya Babati kuelekea Manyara. Ina maana kwa miezi kadhaa ya mwaka mali hii ya taifa inakula na kuzaa kwenye ardhi ya vijiji, nje ya lango lolote, na mara nyingi mwenye ardhi halipwi na mtu.

Mama yangu mdogo aliwahi kupoteza mahindi ya ekari mbili kwa usiku mmoja. Asubuhi shamba lilikuwa limelazwa kana kwamba mtu amepitisha roli la barabara, na kwenye kila shimo la mguu wa tembo maji ya mvua yametuama. Afisa alikuja, akapima kwa hatua zake, akaandika, akasema kifuta jasho kitakuja. Kilikuja baada ya misimu miwili, na hakikununua hata magunia aliyoyapoteza. Mwaka uliofuata alitaka kukodisha shamba lake kwa mtu wa alizeti mwenye uzio wa waya. Nani atamlaumu?

Msinielewe kwamba huku ni peponi. Jimbo hili lilikuwa na ekari milioni 18 za nyika ya asili. Zilizobaki hazifiki asilimia mbili. Walilima karibu kila kitu, wakafukia mabomba chini ya udongo kukausha madimbwi, na kabla ya hapo waliwanyang'anya nchi hiyo Wadakota, wenyeji wa asili, ambao baada ya vita vya 1862 walifukuzwa jimboni. Sasa ndiyo wanalipa. Mwenzangu kazini, mwindaji wa bata, alinipeleka magharibi mwa jimbo kuona kipande kimoja kilichonunuliwa kwa fedha hizi. Mkulima aliuza kwa hiari yake. Mabomba yalikatwa, maji yakarudi bondeni yenyewe, wakapanda mbegu za majani ya asili. Kandoni kuna kibao kinachosema fedha ilitoka wapi. Siku ile kulikuwa na vijana wenye mashati ya manjano wanachoma nyasi kwa mpango, wanasoma upepo, wanawasha mstari kwa mstari. Nilisimama kimya. Wafugaji wa kwetu wamechoma majani hivyo hivyo tangu enzi za mababu ili yachipue mapya, na wakaambiwa wanaharibu mazingira. Huku kazi hiyo ina mshahara.

Lakini kilichonikaa moyoni ni hiki: wao wananunua upya walichokwisha kulima, kwa bei ya ardhi ya shamba, na hata hivyo hawapati nyika ile ya kwanza. Sisi tunayo bado. Simanjiro bado ipo, njia ya Kwakuchinja bado inapitika ingawa imebana. Kuitunza leo ni bei ndogo sana kuliko kuinunua wajukuu zetu wakishaikosa.

Najua mtakavyonijibu nikisema nasi tuchangie hivyo: tozo nyingine? Nakumbuka vizuri tozo za miamala za 2021, zile za kutuma na kutoa fedha kwa simu. Nami nilikuwa natuma fedha nyumbani na mama akinipigia kulalamika kila anapokwenda kutoa. Ile iliuma kwa sababu iliwashukia watu bila kuulizwa. Huku waliulizwa, na kwa sheria ya jimbo hili mpiga kura aliyeliacha swali hilo wazi alihesabiwa kuwa amekataa. Kodi yenyewe ina mwisho: 2034 inakoma, wakiitaka tena waombe upya. Baraza linalopendekeza miradi lina watu 12, wanane kati yao ni raia wa kawaida, na orodha ya miradi iko wazi, hata mimi nisiye na kura hapa naisoma. Pia jimbo huilipa kaunti fidia kwa ardhi ya umma ambayo haitozwi tena kodi ya ardhi.

Kutenga fedha si jambo geni kwetu. Kila lita ya petroli tunayonunua inachangia Mfuko wa Barabara. Hata kulipia ardhi isilimwe tunakujua: kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilikubaliana na kampuni za utalii mwaka 2005 kilipwe kila mwaka, ng'ombe wachungwe kama kawaida, jembe lisiingie pale nyumbu wanapozalia. Ninachokitaka ni serikali ifanye hivyo kwa fedha yetu wenyewe, kidogo kidogo, kwa ajili ya shoroba tu, yaani njia za kupita wanyama, ilipwe kwa kijiji kupitia mkutano mkuu wa kijiji, na hesabu ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtendaji. Isingoje mgeni.

Juzi kaka yangu alinipigia. Jirani yetu anauza ekari tatu, zile za upande wa barabarani ambako pundamilia hukatiza jioni. Mnunuzi kaja na fedha taslimu na anataka kujenga maghala. Jirani hana kinyongo na pundamilia, ana ada za watoto. Kaka akaniuliza kama kuna ofisi yoyote ambayo ingeweza kumpa jirani hata nusu ya bei ile ili aiache ardhi wazi. Nilimwambia sijui pa kumpeleka. Mauziano ni mwisho wa mwezi huu.