Midoli ya wazungu, eti

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp mtu katupia picha kutoka makumbusho ya reli ya York, Uingereza: meza ndefu, reli ndogo ndogo, mikono ya ishara na safu ya liva, zile fimbo za chuma za kuvuta. Mwenzetu mmoja akajibu, "Watu wazima na midoli!" Vicheko vikafuata.

Angekuwa mtu wa Songea, kusikofika reli, ningenyamaza. Huyu kazaliwa Tabora, mahali mabehewa ya Mwanza yanapoachana na ya Kigoma abiria wakiwa wamelala!

Huo "mdoli" ulitengenezwa 1912, mwaka uleule reli ya Mjerumani ilipofika hapa kwetu. Ulikuwa wa shule ya waongoza ishara ya Lancashire and Yorkshire Railway, ukafundishia watu mpaka 1995. Miaka 83. Mdoli gani huo?

Tatizo ni kwamba akili ya mtambo huu wa kuzuia treni zisigongane haionekani. Kwenye kibanda cha ishara unaona liva tu. Kazi yenyewe iko chini ya sakafu: vyuma bapa vyenye mapengo. Ukivuta liva ya pointi (reli zinazosogea kuipeleka treni njia hii au ile), chuma kimoja kinateleza na kuingia kwenye pengo la kingine, na liva ya kuruhusu treni ya njia nyingine haivutiki hata uning'inie. Mwingereza John Saxby alipewa hataza ya kuendesha pointi na ishara kwa pamoja 1856. Baba mdogo wangu, mstaafu wa reli, alinieleza hayo mkekani kwa vijiko na viberiti. Nikaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kuelewa kitu. Nilikuja kuelewa siku nilipoona mfano wa mbao kwenye video, umekatwa ubavu, chuma kinaingia pengoni. Sekunde kumi zilitosha.

Ndiyo maana hata wale wanaofungia mifano hii ndani ya kioo na kibao cha "usiguse" wananikera. Kitu kimetengenezwa kivutwe!

Haya, SGR, reli yetu mpya ya umeme, haina liva wala waya za kuvuta ishara. Na nikisema tutengeneze mfano wetu hapa, mtaniambia zahanati kwanza. Sawa, zahanati kwanza.

Lakini Armagh, Ireland, 1889, mabehewa ya watu waliokwenda matembezi yalirudi nyuma mteremkoni yakagonga treni iliyofuata, wakafa 80, wengi watoto. Mwaka huohuo sheria ikalazimisha kufuli za ishara na breki za treni nzima. Sisi tuna Igandu, Dodoma, 2002: treni ya abiria ikarudi nyuma vilevile, ikaua zaidi ya 280. Ilikuwa habari ya breki, najua, msinirekebishe. Ninachouliza ni mtoto wa hapa anajifunzia wapi jinsi treni inavyozuiwa isigongane na nyingine. Mninga tunao, mafundi seremala wamejaa mjini, chuo cha reli kiko hapahapa. Badala yake chuma cha zamani tunakiuza chakavu kwa kilo.

Picha ile nilimpelekea baba mdogo. Akaikuza kwa vidole, akahesabu liva moja moja, midomo ikicheza. Kisha akaniuliza, "Zinavutika?"