Miguu ndiyo inayopigwa picha

Mei 2023 picha za Gert-Jan Oskam zilizagaa kila mahali: Mholanzi aliyepooza kwa ajali ya baiskeli mwaka 2011, sasa anatembea kwa magongo. Watafiti wa Lausanne, Uswisi, wakiongozwa na Grégoire Courtine na daktari bingwa wa upasuaji Jocelyne Bloch, walimpandikizia vifaa viwili kwenye fuvu na kingine kwenye uti wa mgongo. Akikusudia kupiga hatua, kompyuta husoma kusudio lake na kulivusha kwa umeme hadi chini ya jeraha la uti wa mgongo.

Si kiinimacho. Neva zilizo chini ya jeraha mara nyingi bado ni hai, ila amri ya ubongo haizifikii. Hata kifaa kilipozimwa, Oskam alibaki na nafuu kiasi. Lakini jeraha lake halikukata mawasiliano yote, na huyo ni mtu mmoja. Kumwahidi kila aliyepooza miguu yake kwa ushahidi huo ni kuuza ndoto, na wauzaji hawakosekani: zipo kliniki zinazotoza fedha nyingi kwa tiba zisizothibitishwa za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine.

Wanaotaka fedha ziende kwenye huduma za kila siku badala ya utafiti wana hoja nzito. Kabla ya daktari Ludwig Guttmann kuanza kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wengi waliovunjika mgongo waliuawa na vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Kumgeuza mgonjwa usiku na mchana kuliokoa maisha, na hakuhitaji kompyuta.

Hata hivyo, sioni sababu ya kuufukuza utafiti. Tatizo ni miguu kupewa jukwaa lote. Waliopooza walipoulizwa Marekani, katika utafiti uliochapishwa 2004, wenye mikono iliyopooza waliitaja mikono kwanza, na wa miguu pekee wakataja tendo la ndoa. Kibofu na haja kubwa navyo vilitajwa sana. Desemba 2024 Marekani iliruhusu ARC-EX, kifaa kinachopitisha umeme juu ya ngozi ya shingo, bila upasuaji, ili kurudisha nguvu za mikono. Katika jaribio la watu 60, asilimia 72 walipata nafuu. Kushika kijiko mwenyewe hakukupigiwa kelele kama hatua za Oskam, ingawa kwangu hilo ndilo tumaini lililokomaa zaidi.

Nalo lina sharti. Jaribio lilianza na miezi miwili ya mazoezi ya tiba pekee, kisha miwili ya mazoezi pamoja na umeme. Hospitali isiyo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo haitafaidi kifaa hicho hata ikipewa bure.