Jua haliungui

Kuna sentensi moja natamani tuache kuwaambia watoto: "Jua ni mpira mkubwa wa moto." Sina ugomvi na lugha yetu, jua limekuwa likiwaka tangu enzi za mababu na litaendelea kuwaka. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto akishaambiwa ni moto, haulizi tena.

Moto hula kuni na kuacha majivu. Jua lingekuwa rundo la makaa ya mawe, lingekwisha ndani ya miaka elfu chache. Lina umri wa miaka bilioni 4.6, na halijapita sana nusu ya maisha yake. Linachotegemea ni uzito. Gesi yenye uzito wa Dunia 333,000 inajilalia yenyewe, na kule kiini, kwenye nyuzijoto milioni 15, haidrojeni hubanwa mpaka ikaungana kuwa heliamu. Kila sekunde zinakwenda tani kama milioni 600, na takriban milioni 4 kati yake hugeuka kuwa nishati.

Ukisikia hesabu hizo unadhani ni ghadhabu tupu. Kumbe hata kule kiini, mita moja ya ujazo hutoa wati mia chache tu, joto la kulinganishwa na rundo la mboji inayooza. Jua lina nguvu kwa sababu ni kubwa mno, na limedumu kwa sababu linakwenda polepole. Nishati yake huhangaika ndani maelfu kwa maelfu ya miaka kabla ya kufika juu. Kutoka hapo hadi kwetu ni dakika nane na kidogo. Hili ndilo ningependa mtoto aambiwe kwanza.

La pili ni nguvu ya sumaku ya jua, na hilo nililiona kwenye karatasi. Nilichukua darubini ya macho mawili, nikaziba upande mmoja, nikaielekeza juani bila kuchungulia, mwanga ukaangukia karatasi nyeupe niliyoishika nyuma yake. (Usichungulie kamwe. Jicho huungua ndani bila kuuma.) Ukatokea mduara mweupe unaotetemeka, umefifia kidogo pembezoni, na karibu na katikati kitone cheusi chenye ukingo wa kijivu. Nilidhani ni vumbi. Nikaifuta lenzi, kitone hakikutoka. Nikakichora kwa penseli.

Doa lile, dogo kama punje ya mtama, lilikuwa pana kuliko Dunia. Linaonekana jeusi kwa kuwa sumaku kali imezuia gesi moto isipande kutoka chini, hivyo pale pana nyuzijoto kama 3,500 wakati jirani pana 5,500. Ukanda wa ikweta ya jua huzunguka kwa siku 25 hivi, ncha zake kwa zaidi ya 30, na mwendo huo usiolingana huisokota sumaku mpaka ikachomoza nje. Heinrich Schwabe, mfamasia wa Ujerumani, aliyahesabu madoa hayo miaka 17 akitafuta sayari isiyokuwepo, akaambulia kitu kikubwa zaidi: madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko. Leo tunajua ni wa miaka kama 11.

Tarehe 1 Septemba 1859, Richard Carrington, mwanaastronomia wa Uingereza, naye alikuwa akichora madoa kwa kuangusha taswira ya jua kwenye kioo, pakalipuka mwanga mweupe mbele yake. Haikupita siku nzima, nyaya za telegrafu zikajaa umeme, na baadhi ya mafundi wakapeleka ujumbe bila betri. Mwaka 1989 dhoruba nyingine ya sumaku kutoka juani iliizimia taa Quebec, Kanada, kwa saa tisa. Moto gani unazima umeme kutoka umbali wa kilomita milioni 150?

Na moto gani unazidi kuwa mkali kadiri unavyouacha? Taji la jua, ile hewa yake ya nje, lina nyuzijoto zaidi ya milioni moja, na sababu yake bado inabishaniwa. Chombo cha anga cha Parker kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka juani mnamo Desemba 2024 kikiifuatilia.

Mimi niliendelea na penseli yangu. Kila siku doa lilikuwa limesogea. Siku ya sita lilikuwa ukingoni, limebanwa likawa jembamba kama ukucha. Siku ya saba nilichora mduara mtupu, nikaandika tarehe.