Je, Mwaka 1844 Unalifanya Kanisa la Waadventista Wasabato Kuwa la Unabii wa Uongo?

Shutuma inayotupwa mara nyingi zaidi kwa Waadventista Wasabato ni fupi, na husemwa kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kusomwa. Kanisa lao, wanasema washutumu, lilizaliwa kutokana na unabii ulioshindwa: ilitangazwa kwamba Yesu angerudi tarehe 22 Oktoba 1844, hakurudi, na Kumbukumbu la Torati 18:22 inafundisha kwamba neno lililonenwa kwa jina la Bwana lisipotimia, nabii huyo amelinena kwa kujikinai kwake. Watetezi nao wana majibu yao, mengine mazito, na moja ambalo kwa maoni yangu lingefaa kuachwa kabisa, kwa kuwa linawadhoofisha wao wenyewe. Tatizo la mjadala huu ni kwamba pande zote mbili huchanganya mambo matatu yasiyolingana: kosa la mfasiri wa Maandiko, fundisho lililojengwa baada ya kosa hilo, na maneno ya mtu aliyedai kuonyeshwa maono. Kila moja lina mizani yake.

Tuanze na mfasiri. William Miller alikuwa mkulima wa Low Hampton katika jimbo la New York, muumini wa Kibaptisti, aliyejifunza Biblia mstari kwa mstari akisaidiwa na itifaki ya Cruden, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, kisha akaanza kuhubiri aliyoyaona mwaka 1831. Msingi wa hesabu yake ulikuwa Danieli 8:14, panaposemwa kwamba baada ya nyakati za jioni na asubuhi 2,300 patakatifu patatakaswa. Alichukua kila siku kuwa mwaka, akaanzia mwaka 457 KK, ambao aliuhesabu kuwa mwaka wa amri ya mfalme Artashasta iliyomo katika Ezra 7, akafika 1843. Patakatifu alipaelewa kuwa ni dunia au kanisa lililomo duniani, na kutakaswa kwake kuwa ni tukio la kurudi kwa Kristo. Hesabu yenyewe ilikuwa na kasoro ndogo ambayo mwanafunzi yeyote wa kalenda huigundua: kati ya mwaka 1 KK na mwaka 1 BK hakuna mwaka sifuri, hivyo miaka 2,300 kamili huishia 1844. Miller alikuwa ametaja kipindi cha kuanzia tarehe 21 Machi 1843 hadi 21 Machi 1844. Kilipopita, Samuel Snow, mhubiri mwenzake, alisimama katika mkutano wa kambi huko Exeter, New Hampshire, mwezi Agosti 1844, akaeleza kwamba utakaso wa patakatifu huangukia Siku ya Upatanisho, yaani siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo kwa kalenda ya Wakaraimu, kundi la Wayahudi, mwaka huo aliihesabu kuwa 22 Oktoba. Miller mwenyewe alisita, akaja kuikubali tarehe hiyo mwanzoni mwa Oktoba, wakati siku zilizobaki zilikuwa za kuhesabika.

Hapa utetezi una nguvu. Miller hakudai kwamba malaika alimjia wala kwamba aliisikia sauti. Alisema, nimesoma, nimehesabu, nanyi hesabuni. Andiko la Kumbukumbu la Torati linamhusu mtu anayesema, Bwana amenena nami, na si mtu anayefasiri vibaya neno lililokwisha kunenwa. Tukimwita nabii wa uongo kila mfasiri aliyekosea tarehe, orodha itakuwa ndefu, na itawagusa wengi ambao washutumu wanawaheshimu. Kanuni ya kuhesabu siku kuwa mwaka haikubuniwa na Miller, kwa kuwa wafasiri wa Kiprotestanti waliitumia kwa vizazi vingi kabla yake, na Isaac Newton alikuwa mmoja wao. Hata leo Wakristo wengi wasio na uhusiano wowote na Uadventista huyasoma majuma sabini ya Danieli 9 kuwa miaka 490.

Hata hivyo, mshutumu ana haki ya kusema kwamba jambo halikuishia kwenye daftari la hesabu. Mathayo 24:36, inayosema kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, ilikuwepo, na watu waliisoma kwa sauti mbele ya wahubiri hao. Tena, katika miezi ya mwisho tarehe ile ilihubiriwa kama kipimo cha imani. Tayari mwaka 1843 Charles Fitch, mmoja wa wahubiri hao, alikuwa amewaita waumini watoke katika makanisa yao, ambayo yalihesabiwa kuwa Babeli kwa kuukataa ujumbe wa marejeo. Anayewaambia watu kwamba wokovu wao unahusika na namna wanavyoipokea hesabu yake amevuka mpaka wa ufasiri wa kawaida, hata kama hakuona maono yoyote. Kwa hiyo neno la haki juu ya wafuasi wa Miller ni kwamba walikosea vibaya na kwa sauti kubwa. Kuwaita manabii wa uongo ni kulipanua andiko kupita kipimo chake.

Sasa lile jibu linalofaa kuachwa. Watetezi wengi husema: Miller alikuwa Mbaptisti, hakuwahi kuitunza Sabato, na Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa rasmi tarehe 21 Mei 1863, kwa hiyo kosa la 1844 si letu. Kila kipande cha sentensi hiyo ni kweli, lakini haiwezi kubeba mzigo inaotwishwa. Ellen White, ambaye kanisa linamtambua kuwa alikuwa na karama ya unabii, aliandika mwaka 1850 kwamba aliona chati ya 1843 ikiwa imeongozwa na mkono wa Bwana, na kwamba mkono huo huo ulifunika kosa lililokuwamo katika baadhi ya tarakimu zake. Chati hiyo ni ile waliyoichora Charles Fitch na Apollos Hale, ambayo wahubiri waliitundika mbele ya mikutano wakielekeza kwa fimbo hesabu inayoishia 1843. Anayeamini kwamba Mungu aliongoza vuguvugu lile hawezi kuligeuka na kudai kwamba halimhusu pale linaposhtakiwa. Achague. Naamini chaguo la uaminifu, ambalo pia lina nguvu zaidi katika hoja, ni kukiri kwamba 1844 ni yao, kisha kueleza kwa nini kosa la binadamu na uongozi wa Mungu vinaweza kukaa katika historia moja. Mfano wa Biblia upo na Waadventista huutumia: wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, ambao katika Luka 24:21 wanasema walitumaini kuwa yeye ndiye atakayewakomboa Israeli. Walikuwa na tumaini la kweli juu ya mtu wa kweli, na walikosea kuhusu tukio.

Mshutumu makini atalijibu hilo pia. Wanafunzi wa Emau, atasema, walisahihishwa na Kristo mfufuka aliyekaa nao mezani, lakini ninyi mlisahihishwa na nini? Swali hilo linatufikisha Port Gibson, New York, asubuhi ya 23 Oktoba 1844. Hiram Edson, baada ya usiku wa kukesha na kulia pamoja na wenzake, alitoka akiwa na rafiki yake kwenda kuwatia moyo waumini wengine, na walipokuwa wakikatiza shamba la mahindi akapata wazo kwamba patakatifu pa kutakaswa si dunia: ni patakatifu pa mbinguni panapotajwa katika Waebrania 8 na 9, na siku iliyotangulia Kristo alikuwa ameanza huko awamu ya pili ya huduma yake ya ukuhani. Edson alilichunguza wazo hilo pamoja na wenzake Crosier na Hahn, na Crosier akalichapisha kwa kirefu mwaka 1846. Kutoka hapo likakua fundisho la hukumu ya upelelezi, yaani kwamba tangu 1844 Kristo anazichunguza mbinguni habari za waumini kabla ya kurudi kwake.

Shutuma ya kwamba huku ni kujiokoa na aibu, kwa kulihamisha tukio kutoka mahali ambapo kila mtu angeliona na kulipeleka mahali ambapo hakuna awezaye kwenda kulithibitisha, ni ya kawaida na inaeleweka. Lakini ina mipaka miwili. Kwanza, mazingira ambamo wazo limezaliwa hayaamui kama wazo hilo ni kweli. Huzuni ya Edson si hoja dhidi ya ufasiri wake wa Waebrania, kama vile furaha yake isingekuwa ushahidi wa kuuthibitisha. Pili, na hapa washutumu hujichanganya, mtu hawezi kusema kwa pumzi moja kwamba fundisho hili halithibitiki na kwamba ni unabii ulioshindwa. Jambo lisiloweza kukaguliwa haliwezi kuwa limeonekana kushindwa. Mshutumu anayetaka kuwa na haki ataiacha lugha ya unabii ulioshindwa atakapofika hapa, na kuuliza tu kama Maandiko yanalifundisha jambo hilo au hayalifundishi.

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo ni maneno ya Ellen White mwenyewe. Suala la mlango uliofungwa nitalipita haraka. Waadventista wa kwanza waliamini kwa muda kwamba mlango wa rehema ulifungwa kwa ulimwengu mwaka 1844, na mwaka 1883 Ellen White alikiri wazi kwamba naye aliishika imani hiyo pamoja na wenzake, akiongeza kwamba nuru aliyopewa na Mungu ndiyo iliyowasahihisha. Washutumu husema maono yake ya mwanzo yaliliunga mkono kosa lile. Watetezi husema yalisomwa kwa miwani ya kosa ambalo tayari lilikuwepo. Nyaraka zinaruhusu mabishano hayo kuendelea.

Maono ya Battle Creek ya mwezi Mei 1856 hayana nafasi hiyo ya kujificha. Baada ya mkutano wa waumini, Ellen White aliripoti kwamba malaika alimwambia juu ya watu waliokuwapo: baadhi watakuwa chakula cha mafunza, baadhi watapatwa na mapigo saba ya mwisho, na baadhi watakuwa hai duniani ili wahamishwe, yaani wachukuliwe mbinguni bila kufa, Yesu atakapokuja. Watu wote waliohudhuria mkutano ule wamekufa. Hapa hakuna Mbaptisti wa kubebeshwa lawama, hakuna hesabu ya kalenda, na tukio si la mbinguni lisiloonekana. Andiko la Kumbukumbu la Torati linagusa moja kwa moja.

Jibu la Waadventista ni unabii wa masharti. Yona alitangaza kwamba Ninawi ingeangamizwa baada ya siku 40, bila kutaja sharti lolote, na Ninawi haikuangamizwa. Yeremia 18:7-10 inaeleza kanuni yenyewe, kwamba Mungu hughairi aliyoyanena taifa likigeuka. Ellen White aliandika mwaka 1883 kwamba ahadi na maonyo ya Mungu yote yana masharti. Jibu hili ni la Kibiblia na halistahili kuchekwa. Udhaifu wake uko kwingine. Katika Yona sababu ya kughairi inaonekana ndani ya habari yenyewe: mfalme ameketi majivuni. Katika habari ya 1856 sharti lilitajwa miaka 27 baadaye, na ikiwa kila neno lisilotimia linaweza kuongezewa sharti baada ya muda kupita, basi kipimo cha Musa hakiwezi kumnasa nabii yeyote, awe wa kweli au wa uongo. Mtetezi anapaswa kuonyesha ni unabii wa namna gani usioweza kuwa na masharti, na kufanya hivyo kabla ya muda wake kupita.

Kwa upande mwingine, mshutumu Mkristo anakabiliwa na Marko 9:1, ambapo Yesu anasema kwamba baadhi ya waliosimama pale hawataonja mauti kabla ya kuuona ufalme wa Mungu ukija kwa nguvu, na pia 1 Wathesalonike 4:15, ambapo Paulo anaandika juu ya sisi tulio hai, tutakaosalia hata kuja kwake Bwana. Kwa andiko la kwanza atataja kugeuka sura kwa Yesu mlimani, na kwa la pili atasema Paulo alijumuisha waumini wa vizazi vyote. Huenda ana haki. Lakini akishayapa maandiko hayo usomaji wa huruma, hawezi kumnyima mtu mwingine usomaji huo kwa sababu tu ya chuki ya madhehebu. Tofauti inayobaki ni kwamba Marko anaisimulia habari ya mlimani mara tu baada ya ahadi ile, ilhali maneno ya 1856 hayana tukio kama hilo la kuyafuata. Kwa hiyo nayahesabu kuwa hoja nzito kuliko zote zilizo mikononi mwa washutumu, nzito kuliko 1844 yenyewe, na nashangaa kwamba hutajwa mara chache kuliko 1844.

Ni haki pia kutaja kilichofuata. Joseph Bates, mmoja wa waanzilishi, alipoanza kufundisha kwamba Yesu angekuja mwaka 1851, Ellen White na mumewe James walimpinga, na Ellen White akaandika kwamba muda haujawa kipimo tangu 1844 wala hautakuwa tena. Kanisa halijatangaza tarehe yoyote ya marejeo tangu liundwe. Wanaolifungasha pamoja na Mashahidi wa Yehova na mwaka wao wa 1914, au na David Koresh aliyekufa Waco mwaka 1993 akiongoza tawi la kundi lililojitenga na Waadventista miongo kadhaa kabla, wanapaswa kuzisoma historia hizo kila moja peke yake.

Upinzani uliolisumbua kanisa zaidi, hata hivyo, ulitoka ndani, na haukuhusu tarehe iliyopita. Mwaka 1979 Desmond Ford, mwanatheolojia Mwadventista kutoka Australia, alihoji hadharani hukumu ya upelelezi katika Chuo cha Pacific Union, California, na Agosti 1980 hati yake ya kurasa zinazokaribia 1,000 ilijadiliwa na wasomi na viongozi huko Glacier View, Colorado, kisha akanyang'anywa hati ya uchungaji. Ford aliuliza kama pembe ndogo ya Danieli 8 haimhusu kwanza Antioko Epifane, aliyelinajisi hekalu mwaka 167 KK, na kama Waebrania 6:19-20 na 9:12 hazisemi kwamba Kristo aliingia ndani ya pazia alipopaa, karne 18 kabla ya 1844. Kanisa hujibu kwamba pembe hiyo inakua kupita kiasi cha mfalme mmoja wa Shamu na kufika wakati wa mwisho, kama Danieli 8:17 inavyosema, na kwamba kuingia ndani ya pazia kwaweza kuwa kuuzindua ukuhani wote wa mbinguni, kama Musa alivyoingia kuweka wakfu hema, kabla ya huduma ya Siku ya Upatanisho kuanza. Majibu hayo mawili yanaweza kupimwa kwa kukifungua kitabu cha Danieli na Waraka kwa Waebrania, na huko ndiko anayetaka kulipinga fundisho hili anakopaswa kwenda.