Babu Hafidh wa Llangrannog

Kwanza nikiri: Kiwelisi sikijui. Nimekaa Cardiff, mji mkuu wa Wales, miaka sita, nimeoa huko huko, na nilichokipata ni salamu, asante na jina la mkate wao wa zabibu, bara brith. Mke wangu naye hakijui, maana amezaliwa mjini na mjini Kiingereza kimetawala. Anayekijua ni Anti yake wa Llangrannog, kijiji cha pwani ya Ceredigion kilichojibanza bondeni kama kinajificha mdai. Neno Anti sikulitafsiri mimi. Wawelisi wenyewe wanasema Anti hivyo hivyo, utadhani uko Mkunazini, Unguja.

Anti ana miaka 78 na magoti mabovu, na alikuwa akitafuta ukoo wake. Makaratasi yote alishayamaliza. Vitabu vya ubatizo na maziko vya parokia alivipekua, vile vya kabla ya 1813 ambavyo kasisi aliandika alivyojisikia, na vya baadaye vyenye fomu zilizopigwa chapa. Vyeti vya serikali vilivyoanza Julai 1837 anavyo kwenye kasha la biskuti. Maktaba ya Taifa kule Aberystwyth wanamjua kwa sauti. Yalibaki makaburi, nayo yako mlimani, na mlima na yale magoti haviivi chungu kimoja. Nikapewa daftari, kalamu na siku tatu.

Kabla sijatoka akanikalisha anipe somo. Kijiji kizima, alisema, ni Jones, Davies na Evans (na herufi J hata haikuwamo katika alfabeti yao ya asili, sijui hao kina Jones walipitia mlango gani). Zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa Rhys ap Hywel, mwanawe akaitwa Dafydd ap Rhys, na mtoto wa kike alikuwa ferch fulani. Walipoanza kuandikwa Kiingereza, ap Rhys akageuka Price, ap Hywel akawa Powell, ab Evan akawa Bevan. Ceredigion waliing'ang'ania desturi yao mpaka karne ya 19, ndiyo maana unamkuta baba ni Evan Davies na mwanawe wa kumzaa ni David Evans, na karani hakukosea.

Anti alidhani ananitwisha mzigo. Nikamwambia, "Anti, hiyo ap ni bin na hiyo ferch ni binti. Kwetu ndivyo tunavyoitana mpaka leo." Akanitazama kwa heshima mpya. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Sasa, lazima mumjue Babu Hafidh. Huyu ni kaka yake Bibi yangu. Aliondoka Unguja kijana, akapata kazi ya kuchochea makaa ndani ya meli, na barua yake moja tu ilifika nyumbani, imetoka Cardiff. Si ajabu, kwani Cardiff wakati ule ilikuwa ikipeleka makaa ya mawe dunia nzima, na mabaharia wa Kisomali, wa Kiyemeni na wa pwani yetu walijaa mitaa ya bandarini, Tiger Bay. Baada ya barua hiyo, kimya. Bibi ana miaka 91 na kila nikipiga simu, kabla hajauliza afya yangu, anauliza, "Hafidh hujamwona?"

Alhamisi nikapanda makaburini. Mvua ya Llangrannog haianguki kutoka juu, inakuja ubavuni kutoka baharini, na mwavuli wangu uligeuka bakuli mara mbili kabla sijafika kwenye lango la kanisa la Mtakatifu Carannog. Makaburi yenyewe ni mazuri, nisiwe mwongo. Mawe meusi bapa, ya aina ile ile wanayoezekea nyumba zao, na mengi ni ya manahodha na watu wa meli, kwa sababu kijiji hiki kidogo kiliunda vyombo na kuzalisha wanamaji. Amezikwa pale Sarah Jane Rees, waliyemwita Cranogwen, binti wa nahodha, naye mwenyewe akaenda baharini, kisha akawafundisha wanaume elimu ya uabiri, na mwaka 1865 akawapiga washairi wakubwa kwenye Eisteddfod ya Taifa, tamasha lao la kushindania mashairi na nyimbo. Sanamu yake imesimamishwa kijijini mwaka 2023. Nilisimama nikamsomea Fatiha, baharia ni baharia.

Kisha nikafika kwa Jones, babu yake Anti. Nikasugua kuvumwani kwa kiganja. Capten John Jones. Chini yake, kwa herufi kubwa:

HEFYD MARY, PRIOD YR UCHOD, BU FARW 1936.

Nikahisi damu inarudi nyuma. Hefyd. Hafidh! Mchonga mawe wa Kiwelisi ataliandikaje tena jina la Hafidh? Na kama ilikuwa bado imebaki shaka, lile neno la mwisho likaimaliza: Bu Farw. Kwetu nani asiyejua Bu? Bu ni Abu, kama Bu Said. Huyu alikuwa Hafidh Bu Farw, ana mtoto anaitwa Farw, labda Farouk, mvua imekula herufi. Mambo yakajipanga yenyewe: Capten Jones amezama, mjane Mary ameposwa na kijana wa Kizanzibari aliyechoka makaa ya Cardiff. Kwa maana hiyo mimi na Anti ni ndugu, na mke wangu nimemwoa kumbe yumo humo humo ukooni.

Jiwe la pili: Hefyd Elizabeth. Nikatabasamu. La tatu: Hefyd Anne. Mashallah. La nne: Hefyd Margaret. Wanne! Nikasema, alhamdulillahi, ugenini kote kule babu hakuitupa sunna. La tano likanitia wasiwasi. Hefyd Jane. Nikakaa juu ya ukuta, mvua inanipiga, nikamtafutia babu udhuru. Huenda Elizabeth alipewa talaka akakaa eda. Huenda Anne alitangulia. La sita nikaliandika bila maoni.

Najua mnachotaka kuuliza. Tarehe je? Tarehe niliziona. Jiwe moja lilikuwa la 1852. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikakumbuka kwamba 1852 Sayyid Said bin Sultan yu hai, na mwaka 1840 mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, alishafika New York na meli iitwayo Sultana. Basi kama mtu wa Unguja alifika New York, atashindwaje kufika Llangrannog? Nikaandika daftarini: "Hafidh Mkubwa, yamkini somo yake babu."

Nikapiga picha, nikazirusha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Babu Hafidh amepatikana. Wake sita. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Jamani. Simu ilitetemeka mfukoni kama ina homa. Mama akalia kwa sauti iliyorekodiwa, dakika tatu nzima. Mjomba akauliza kama kuna shamba. Binamu yangu wa Dubai akauliza kama hilo shamba lina hati. Bibi alipoambiwa habari ya wake sita hakushtuka hata chembe. Alisema, "Ndiye huyo huyo."

Anti sikumwambia. Nilitaka nimshangaze Jumamosi, wakati wa chai. Mke wangu nilimtumia picha moja, naye, masikini, akajibu kwamba ni jiwe zuri.

Ijumaa baada ya Alasiri, Malindi ya Unguja, watu wakaitwa hitima. Nikatumiwa video: jamvi kwa jamvi, majuzuu yanagawiwa, mwalimu wa chuo anaomba dua na kumtaja marehemu Hafidh na wake zake Mary, Elizabeth na Anne mmoja mmoja, matamshi safi. Halafu biriani. Halafu halua na kahawa.

Jumamosi Anti akaandaa meza. Chai, bara brith imepakwa siagi, na dirishani unaliona lile jiwe kubwa la ufukweni, Carreg Bica, ambalo wenyeji wanasema ni jino la jitu Bica, lilimuuma akalitema. Nikasimama. Nikafungua daftari. Nikakohoa.

"Anti, mimi na wewe ni damu moja."

Akaweka kikombe chini taratibu. Nikamsimulia yote: meli, makaa, barua, mjane. Akanisikiliza mpaka mwisho, akageuka kuitazama picha ya babu yake ukutani, akanirudia mimi.

"Mary hakuolewa mara ya pili. Umesoma wapi hayo?"

Nikampa simu. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, na kile alichokisema hakikuwa Hafidh kabisa, kwa sababu F yao moja hutamkwa V. Hevid.

"Cariad," akasema (ndivyo wanavyosema mpenzi), "hefyd maana yake 'na pia'."

"Na pia nani?"

"Na pia Mary. Mke wa huyo wa juu. Wamezikwa pamoja."

Nikameza mate. "Na Bu Farw?"

"Alikufa."

"Nani?"

"Wote, cariad. Wote waliomo mle walikufa."

Hapo uso wake ulianza kucheza. Kwanza kidevu, kisha mabega, kisha miwani ikadondokea kwenye siagi. Alicheka mpaka nikaogopa nitamwongeza kwenye daftari. Kila akijaribu kutulia ananyoosha vidole sita, anaanza upya. Mimi nilitazama baharini nikamwomba lile jitu lirudi kulichukua jino lake na linikanyage njiani.

Usiku nikampigia Mama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Bibi yako amelala vizuri jana, mara ya kwanza mwaka huu."

Nilitamani kukata. Nikamwambia. Kimya kikawa kirefu hata nikadhani mtandao umeondoka.

"Kwa hiyo," akasema Mama, "watu hamsini wamekula biriani ya Na Pia."

"Ndiyo, Mama."

"Na mwalimu amemwombea Na Pia."

"Ndiyo, Mama."

"Bibi yako asiambiwe."

Hakuambiwa. Wengine wote waliambiwa, kabla hata sijaweka simu chini. Kwenye kundi jina langu limebadilishwa, na asubuhi ya Jumapili Mjomba akaniletea ujumbe huu, ninaunakili kama ulivyo:

"Mbuzi wawili. Hefyd mchele wa basmati. Hefyd samli. Hefyd halua ya Wete. Hefyd mwalimu na wanafunzi wake kumi na wawili. Hefyd kukodi majamvi. Hefyd teksi ya Bibi kwenda na kurudi. Jumla tunakutumia. Mlipaji ni wewe."