Mti wa Nakayima uko mlimani, vyungu viko Kampala

Kila nikitaja mti wa Nakayima, ule wa matambiko kule Mubende, Uganda, watu wanaanza kubishania umri, huyu miaka 400, yule anasema inapita 1,000, mimi hilo nimeshaliacha. Kinachonikera ni vyungu vya tambiko vya huyo Nakayima.

Kwa ambaye hajafika: Mubende iko barabara ya Fort Portal, unapita Mityana, ukishuka kwenye teksi unachukua boda mpaka juu ya kilima, kama kilomita 4 hivi. Pale unavua viatu. Mti wenyewe unakaribia mita 40 lakini wewe angalia chini, mizizi imesimama kama kuta, na kati ya ukuta na ukuta kuna kichumba, kila kichumba na mzimu wake, hapa Ndahura, pale Mukasa, kule Kiwanuka. Nilimkuta mama kapiga magoti, mtoto mgongoni, anapanga buni na sarafu za mia mbili moja moja pembeni ya majivu, wala hakunitazama. Simu niliyokuwa nimeshatoa nikairudisha mfukoni.

Ndahura ni mfalme wa Wachwezi, wale watawala wa kale wa kwenye masimulizi, yule anayehusishwa na ndui, na Nakayima wanasema alikuwa mkewe. Baadaye jina likawa cheo, likarithiwa na mwanamke mmoja baada ya mwingine, na wafalme wa Bunyoro na wa Buganda, mahasimu wale, wote walikuwa wanamheshimu huyo mwanamke wa kilimani! Wa mwisho, Nyanjara, akafa 1907. Mwaka uliofuata Makumbusho ya Uganda yakaanzishwa Kampala, na vitu vyake, vyungu vikiwemo, ndiko vilikoishia.

Mjomba wangu, mlokole kwelikweli, anasema mashetani hayo, bora yakae hukohuko makumbusho. Sasa mjomba, kama ni mashetani, mbona tunalipa kiingilio kuyaona? Mimi nasema virudi, hata kwa siku chache tu kila mwaka, maana chungu cha tambiko bila mahali pake ni udongo tu uliochomwa, na watu wa kuvitumia bado wapo, nimewaona kwa macho yangu.

Jajja, yaani mzee, anayefagia pale mtini alipojua natoka Kampala aliacha ufagio.

"Umeviona? Bado vizima?"

Nimekaa Kampala miaka kumi na moja, Kitante, yaliko makumbusho, napita kila wiki. Nikamwambia, jajja, sijawahi kuingia. Akaendelea kufagia.