Simu Yangu Hainijui

Mimi hapa Nakuru najulikana. Shuka stejini, muulize hata yule mama wa mayai ya kuchemsha, "Fundi wa viatu yuko wapi?" Atakuonyesha kwa kidomo bila kuacha kumenya yai. Askari wa kanjo wananijua, tena kupita kiasi. Mbwa wa Kaptembwa wananijua, hawanibwekei nikirudi usiku. Katika kaunti nzima kuna kiumbe kimoja tu kisichonijua, nacho ni simu niliyoichukua mwenyewe kwa lipa mdogo mdogo. "Thibitisha kuwa ni wewe," inaniambia. Sasa niwe nani tena? Nani huyo mwingine anayetamani kuwa mimi mwezi huu wa Juni, karo haijaisha na mvua imetoboa mwavuli wa kazi?

Ile ya zamani ilikanyagwa. Mteja alisimama ghafla kujaribu buti lake, simu iko chini kando ya boksi la misumari. Buti hilo soli niliipiga mimi, ya tairi, kazi ya kuogopwa. Kioo kilipasuka vibaya. Soli haikupata hata mkwaruzo. Mteja akaniambia, "Fundi, kweli wewe unajua kazi," akalipa, akaenda.

Basi nikachukua mpya. Kijana wa dukani akaiwasha, akaniambia, "Mzee, chagua lugha." Nikachagua Kiswahili, maana mimi si mtu wa kudharau chake. Kosa langu likaanzia hapo, kwa sababu kila ukurasa ulikuja na neno moja tamu pale chini: Ruka. Ingia kwenye akaunti? Ruka. Nakili vitu kutoka simu ya zamani? Ruka. Weka alama ya kidole? Hapo sikuruka, nilijaribu. Lakini kidole gumba changu kina miaka ishirini ya gundi, sindano na kisu cha kukatia ngozi. Mistari iliyokuwa pale ilishaenda na soli za watu. Simu ikasema nisafishe kidole. Nikakisugua kwa sabuni, kwa mafuta taa, kwa msasa. "Jaribu tena." Mpwa wangu ndiye alikuja kunifundisha baadaye kwamba fundi, mkulima na mfua nguo wasajili kidole cha mkono usioshika kazi, na kidole hichohicho ukisajili mara mbili ili simu ikizoee. Siku hizi nafungua simu kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kama bibi harusi anayeonja keki.

Niliporuka kote huko nikafika mwisho nikiwa nimeloa jasho, simu inang'aa, na ndani hakuna mtu. Majina yote hayapo. Sasa, majina yangu si kama ya watu wengine. Mimi mteja namwandika kwa kiatu chake. Kuna "Buti Lanet", huyo ni mwanajeshi wa kambi ya huko Lanet. Kuna "Raba Moja", alileta kiatu kimoja hajawahi kuleta cha pili. Kuna "Mwalimu Soli Imeisha" na kuna "Sandali Ana Deni". Nikadhani wote wako kwenye laini, kwa hiyo laini ikihama nao wamehama, kama kuku kwenye tenga. Kumbe laini hubeba majina mia mbili na hamsini hivi, tena kama uliyahifadhi huko. Yangu yalikuwa yakihifadhiwa kwenye akaunti ya Google miaka yote hiyo bila mimi kuulizwa wala kujua. WhatsApp nayo ilipowekwa iliniuliza kama nataka kurudishiwa mazungumzo ya zamani. Unafikiri nilifanya nini? Mkono ulishazoea kuruka. Swali hilo huulizwa mara moja tu, pale unapoiweka. Ukilikosa, unaifuta programu na kuanza upya.

M-Pesa peke yake ndiyo iliyonistahi. Laini iliingia, nikatia namba zangu nne, salio likasimama pale likiwa dogo kama lilivyokuwa jana. Haikuniuliza mimi ni nani.

Tatizo ni hiyo akaunti. Mimi sikuifungua. Nilifunguliwa, mwaka 2012, katika saiba moja, duka la kompyuta za kukodi, wakati huo Nakuru bado ni munisipaa na jiji hatujalisikia. Nilikuwa natafuta PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, kijana wa saiba akasema lazima niwe na barua pepe. Nikamwambia anipe moja. Akanipa kama mtu anayepima sukari. Tarehe ya kuzaliwa hakuuliza, aliweka Januari 1, kwa hiyo kila mwaka mpya napewa heri ya kuzaliwa ambayo mama yangu haijui. Paswadi akaiandika kwenye kipande cha gazeti. Redioni huiita nywila, saiba huiita paswadi, mke wangu huiita "hizo siri zako", na akiitamka hivyo huwa anaacha kukoroga alichokuwa anakoroga. Kipande cha gazeti kikaenda kufungia sindano. Tangu hapo simu ilikuwa inaingia yenyewe, sikuwahi kuulizwa kitu.

Sasa nimeulizwa. Na si suala la majina ya viatu tu, KRA wanataka ripoti ya mwaka kabla ya Juni 30 kwisha, ukichelewa faini ni 2,000 hata kama hukuingiza kitu, na nywila ya KRA nikiisahau inatumwa, wapi? Kwenye barua pepe. Nikabonyeza palipoandikwa kwamba nimesahau. Simu ikasema, kwa adabu, kuwa itatuma namba za uthibitisho kwa nambari inayoishia 47. Halafu ikanionyesha barua pepe ya akiba: herufi mbili za mwanzo, kisha nukta nyingi kama shanga. Herufi hizo si zangu. Kijana wa saiba alijiwekea ya kwake! Yuko wapi leo? Saiba yenyewe siku hizi ni kinyozi.

Na hiyo 47, ole wangu. Hiyo ni laini yangu ya kwanza, niliyoiua kwa mikono hii. Mtoto alichezea PIN ya laini akakosea mara tatu, simu ikadai PUK, namba nane za kuifungua laini. Mtu mwenye akili angetafuta ile kadi laini ilimotolewa, zimeandikwa pale nyuma. Mimi nilibahatisha. Unaruhusiwa mara kumi, na mimi si mtu wa kuacha chakula sahanini, nikazimaliza zote kumi. Laini ikafa palepale. Kuirudisha ingewezekana, ila ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mchuuzi aliyeniuzia kando ya barabara. Ndiyo maana ile Aprili 2022, watu walipokuwa wamepanga foleni hadi nje wakisajiliwa laini upya, mimi nilipita nao nikiwasalimia tu. (Mwenye Safaricom na apige *106# aone laini zilizo kwa jina lake. Shemeji yangu alipiga akakuta anamiliki laini asizozijua. Alikaa chini kwanza.)

Laini isiyotumika haizikwi, hupewa mtu mwingine. Nikaipigia. Akapokea mama, sauti nzito ya mtu aliyekatizwa kazi, yuko Webuye.

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa viatu, niko Nakuru. Kuna ujumbe umeingia kwako sasa hivi, una namba sita. Nilikuwa naomba unisomee."

Kimya. Nikasikia kuku.

"Wewe kijana," akasema, "uko gereza gani?"

"Mama, mimi sijafungwa. Hiyo laini ilikuwa yangu."

"Hata ng'ombe wangu alikuwa wa mtu. Hizo namba hata mchungaji wangu akiniomba simsomei. Nimezaa watoto wa rika lako, na hakuna hata mmoja anayeiba na simu. Tafuta kazi!"

"Nina kazi, mama. Nashona viatu."

"Basi shona!" Akakata. Nikapiga tena, nikakuta amenifungia.

Nilikasirika siku mbili. Mpwa wangu, anayesoma Egerton kule Njoro, alipopata habari alicheka akashika ukuta. "Mjomba, huyo mama apewe zawadi. Ulichomwomba ndicho hichohicho wezi huomba, neno kwa neno. Hata mimi ningekufungia." Mimi! Mtu wa kanisa!

Kabla hajaja nilikuwa nimeshajiharibia zaidi. Nilienda saiba moja ya Kenyatta Avenue nikajaribu kila neno. Jina la mke. Jina la mke na 2012. Jina la mke bila kosa la tahajia. Jina la msichana niliyemjua kabla ya mke, hilo nilibonyeza huku nikitazama mlangoni. Mtambo ukachoka nami, ukaniambia nijaribu baadaye. Jirani kwenye kompyuta ya pili akanionyesha Facebook mtu "anayerudisha akaunti zote", shilingi elfu tatu, unatuma kwanza. Nilishaingiza namba yake kwenye M-Pesa. Kilichoniokoa ni salio.

Mpwa akanikalisha chini kama mzazi aliyeitwa shuleni. Akasema Google hairudishi akaunti kwa malipo, kila kitu ni bure kwenye g.co/recover, na hakuna binadamu wa kuhongwa pale ndani. Akasema mtambo unatazama unatoka wapi: simu unayoitumia siku zote, mahali unapokaa siku zote, intaneti ile ile. Mimi nikatoka mbio kwenda kuuomba kutoka kompyuta ya watu, mjini, mara arobaini. "Mjomba, hata wewe mtu usiyemjua akigonga mlango mara arobaini na kila mara akitaja jina lingine, utamfungulia?" Na swali lolote, akasema, usiruke. Weka hata nywila ya zamani unayoikumbuka nusunusu. Kukisia hakuchomi, kinachochosha ni fujo.

Kisha akauliza, "Ile simu iliyokanyagwa iko wapi?"

"Mama watoto anaitumia tochi. Banda la kuku."

Alisimama kama ameambiwa kuna hazina. Maana simu ile ilikuwa bado imo ndani ya akaunti, haijawahi kutoka. Ilikosa tu laini na intaneti, ikakaa miongoni mwa kuku na ushahidi wote. Akasema mara tatu, na mimi nairudia maana ilimuuma: usifute wala usigawe simu ya zamani mpaka mpya ikae sawa. Na ukiiuza, toa akaunti yako kwanza, la sivyo mnunuzi akiifuta itamdai akaunti yako wewe, na atakuja kukutafuta.

Tukaenda bandani. Akaiwashia intaneti ya simu yake. Tukaanza upya kwenye simu mpya, tukiwa nyumbani, polepole. Mara ile ya zamani ikalia, kuku wakaruka, na juu ya kioo kilichopasuka kama shamba la kiangazi ikatokea: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Chini, majibu mawili. "Hapana" iko kwenye kipande cha kioo kilicho kizima kabisa, laini kama siagi. "Ndiyo" iko upande uliokufa. Bonyeza wee, papasa wee, kimya. Maisha yangu yote kwenye kioo kimoja, nami naweza kujikana tu.

Mpwa akafungua mkoba, akatoa waya mfupi na kipanya cha kompyuta, kile cha kawaida, akachomeka kwenye simu. Kumbe inakubali! Mshale mdogo ukatokea kwenye kioo. Mke wangu kutoka jikoni: "Mmesema mnaingiza panya kwenye banda langu la kuku?" Hakuna aliyemjibu. Mshale ukateleza, ukafika "Ndiyo", tik.

Buti Lanet akarudi. Raba Moja akarudi. Sandali Ana Deni akarudi, nikampigia hapohapo. Ripoti ya KRA ilipita tarehe 29, usiku. Barua pepe ya kijana wa saiba tukaing'oa, 47 tukamwachia mama wa Webuye kwa heshima zote, tukaweka laini yangu ya sasa iliyo kwa jina langu. WhatsApp tukaiwekea PIN yake ya namba sita na barua pepe ya kuirejeshea, kwa sababu ukiisahau bila barua pepe unangoja siku saba, na chama chetu kwa siku saba kinaweza kuchagua mwenyekiti mwingine.

Mwisho mpwa akatoa namba za akiba za akaunti ya Google. Ni kumi, kila moja tarakimu nane, kila moja hutumika mara moja tu, za siku ambayo simu na laini vyote havipo. Akasema niziandike kwenye karatasi, nisizipige picha, niziweke mahali ambapo sitapoteza. Nikafikiri. Biblia, watoto hukata karatasi za mwisho. Kabatini, mke ataona "hizo siri zako". Kitu ambacho katika maisha yangu sijawahi kupoteza ni kimoja: daftari la madeni. Nikaziandika humo, ukurasa wa katikati, nikanyamaza.

Jana Mwalimu Soli Imeisha amekuja kuulizia deni lake, nimeshika kiatu, nikamwambia ajitazamie mwenyewe. Akafungua, akakaa kimya muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi," akasema, "hii milioni arobaini na nane ni ya ile soli ya Januari?"